Nasaha kwa Waendao Mumbai na Mgonjwa



Sifa njema zote ni za Allah, Mponyaji wa wagonjwa na Mlinzi wa wasafiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Katika pwani yetu ni nyumba chache ambazo hazijapata kuchangishana ili kumpeleka mgonjwa India. Huchangwa msikitini, huchangwa kwa simu, huuzwa kiwanja au dhahabu ya mama. Hutafutwa barua ya hospitali, husomwa dua, kisha watu wawili au watatu hupanda ndege kwenda katika mji ambao hawajauona maishani mwao. Juu ya dua na mchango hatuna la kuongeza; jamaa zetu wa pwani, alhamdulillahi, ni wepesi katika hayo. Tutakalo kulisema wiki hii ni jambo jengine, nalo ni dogo, lakini sisi tulilisahau na likatugharimu. Nalo ni kwamba mji ule yapasa ujulikane na kila aliyeondoka nyumbani kwa miguu yake, na khasa mwanamke, kwa kuwa aghalabu yeye ndiye akaaye na mgonjwa usiku na mchana.

KOSA LETU

Tulikwenda Mumbai watu watatu: dada yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, mama watoto wetu, na sisi wenyewe. Kwa desturi tuliyolelewa nayo tulichukua kila kitu mikononi mwetu. Pasipoti zote tatu, dola, rupia, barua za daktari, simu yenye laini ya kule, hata ufunguo wa chumba, vyote vilikuwa katika mkoba wetu mmoja. Wanawake wawili wale walikaa chumbani, katika nyumba ya wageni karibu na Mohammed Ali Road, mtaa wa Waislamu, na kila walipotoka walitoka nyuma yetu. Tulidhani kuwa twawapumzisha.

Siku ya sita, baada ya kusimama foleni asubuhi nzima, tulipita penye mashine ya miwa. Joto lilikuwa kali na kiu imetushika. Tukanywa bilauri mbili za maji ya miwa, barafu ikielea juu yake. Usiku ule tukashikwa na tumbo la kuharisha pamoja na homa, na alfajiri hatukuweza kusimama. Na asubuhi ile ile dawa ya dada yetu ilikuwa imekwisha.

Mama watoto alichukua karatasi ya daktari pamoja na noti chache, akateremka ngazi peke yake. Hakuijua noti ya mia na ya mia tano. Hakulijua jina la nyumba tuliyofikia. Hakujua kwamba duka la dawa kule mara nyingi huandikwa ubaoni neno moja tu, “Medical”, na kwa hivyo alipita mbele ya maduka mawili yasimwambie kitu. Alisimama ukingoni mwa barabara, magari yakipiga honi chini na mengine yakinguruma juu ya daraja refu lipitalo juu ya mtaa ule, mpaka bibi mmoja mtu mzima, mwenye buibui jeusi kama lake, alipomwona akilia. Hawakuwa na lugha moja. Bibi yule aliitazama karatasi, akauliza, “Dawa?” Neno hilo kwao na kwetu ni moja. Akamshika mkono, akampeleka dukani, kisha akamrudisha mpaka mahali alipomkuta.

Aliporudi alimpa wifi yake dawa, akatuwekea maji ya kunywa, kisha akaketi kitako. Akasema kwa upole: “Baba watoto, mji mzima umeutia mfukoni mwako. Lau leo ungefikwa na jambo, mimi ningepotea hatua ishirini kutoka mlangoni.”

Hatukuwa na jawabu. Tumesomesha miaka mingi juu ya mume kuwa msimamizi wa ahli zake, na siku ile tukafahamu sehemu ya somo tuliyokuwa tukiiruka. Usimamizi ni kuhakikisha kwamba walio chini yako watasalimika hata siku ambayo wewe umelala huwezi kuinuka. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza baada ya asubuhi ile, na twayaandika ili mwengine asiyalipie kama tulivyoyalipia.

KABLA YA KUONDOKA

Mgonjwa ana viza yake maalumu ya matibabu, nayo huombwa kwa barua ya hospitali itakayompokea. Wasindikizaji wake nao wana viza yao, na huruhusiwa watu wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Kwa hivyo kikao cha familia cha kuamua nani aende kifanywe mapema. Mgonjwa akiwa ni mwanamke, mmoja katika wale wawili awe mwanamke. Si kila jambo la mgonjwa laweza kufanywa na kaka au mwana.

Chanjo ya homa ya manjano haina mjadala. Msafiri atokaye Kenya hudaiwa cheti chake afikapo India, na chanjo iwe imepigwa si chini ya siku 10 kabla ya safari. Asiye na cheti aweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Hebu fikiri mgonjwa yuko hospitali na msindikizaji wake amezuiliwa kwa ajili ya karatasi.

Tazameni pia majira. Pepo za kusi, zile zilizowapeleka manahodha wetu na majahazi yao India, ndizo ziletazo mvua Mumbai kuanzia Juni hadi Septemba. Na mvua ile si masika yetu. Tarehe 26 Julai 2005 sehemu za mji zilipata milimita 944 kwa muda wa saa 24, kiasi kinachokaribia mvua ya Mombasa ya mwaka mzima. Treni zikasimama na mamia ya watu wakafa. Ikiwa maradhi yaweza kungoja, na daktari amekubali, ombeni miadi baina ya Novemba na Februari, wakati hewa ni kavu na joto limepungua.

Kuhusu fedha, ombeni hospitali iwaandikie makisio ya gharama kabla hamjakata tiketi. Mtaona wakihesabu kwa laki, nayo ni laki ile ile yetu ya 100,000. Waulizeni makisio hayo yameingiza nini: chumba, dawa, vipimo, siku za ziada? Msiwaache madalali wakawa ndio ulimi wenu pekee. Wapo waaminifu na wapo wasiokuwa hivyo. Anayeandikiana na hospitali moja kwa moja hana haja ya kuwapambanua.

Kisha gawaneni. Kila mmoja ashike pasipoti yake mwenyewe, nakala za pasipoti za wenzake, na sehemu ya fedha. Kila mmoja awe na kadi ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza jina na anwani ya nyumba ya wageni, jina la hospitali, jina la daktari, na namba za simu za wenzake na za nyumbani. Kadi hiyo ni shilingi chache tu. Sisi hatukuwa nayo.

KUFIKA NA KUTEMBEA

Kutoka Nairobi ni safari ya takriban saa sita angani, na saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Kabla ya kutoka nje ya uwanja wa ndege mtaona meza za teksi za kulipia kabisa. Lipeni hapo, mpewe risiti, na msimpe dereva risiti ile mpaka awafikishe mlangoni. Kumbukeni pia kwamba si kila nyumba ya wageni hupokea wageni wa kutoka nje ya India, kwa kuwa hutakiwa kuwaandikisha serikalini. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa.

Teksi za mji ni nyeusi na manjano, nazo zina mita. Mwambieni dereva aiwashe. Tuktuk zipo, lakini haziruhusiwi kuingia kusini mwa mji, mwisho wao ni Bandra na Sion. Kwa hivyo anayekaa Mohammed Ali Road asisimame akingoja tuktuk; hatoiona.

Treni za mji ndizo zibebazo umati, na asubuhi na jioni hujaa kupita kiasi, watu wakining'inia milangoni. Saa hizo msimpandishe mgonjwa. Lakini mchana, saa tano mpaka saa tisa, mwanamke aweza kupanda kwa stara, kwa kuwa kila treni ina mabehewa ya wanawake peke yao, na mahali pa kuyangojea huwekwa alama. Jambo la kuuliza ni moja: je, treni hii husimama kila kituo, au ni ile ya haraka irukayo vituo vyengine? Anayepanda ya haraka bila kujua hukiona kituo chake kikipita.

Siku nne baada ya homa yetu mama watoto alikwenda kuchukua majibu ya vipimo kwa behewa hilo, akarudi. Alituambia kwamba wanawake humo walikuwa wakimenya mboga za jioni, wakisuka nywele, wakilishana vitafunio; na mmoja alimwondokea kitini alipoona anashikilia bahasha ya hospitali.

NOTI, SIMU NA MAJI

Mkikaa chumbani usiku wa kwanza, mwageni rupia kitandani mzisome wote pamoja: hii ni kumi, hii ni mia, hii ni mia tano. Noti za rupia 2000 ziliondolewa katika mzunguko mwaka 2023, mkipewa msizipokee. Badilisheni fedha katika maduka yenye leseni na mhifadhi risiti. Maduka mengi kule hulipwa kwa simu, lakini M-Pesa yetu haina kazi huko, basi mwanamke asitoke bila noti ndogo ndogo. Laini ya simu hutaka pasipoti na viza, na yaweza kuchukua muda kufunguliwa. Ifuatilieni siku ya kwanza, na ziwe laini mbili, si moja. Namba ya dharura kwa nchi nzima ni 112, na ya gari la wagonjwa katika jimbo lile ni 108.

Maji yawe ya chupa iliyofungwa, hata ya kupigia mswaki. Barafu, maji ya miwa na matunda yaliyokatwa barabarani yaacheni, japo yanukie vipi. Anayekwenda kuuguza hana ruhusa ya kuugua kwa uzembe.

CHAKULA NA IBADA

Chakula hakitakuwa kigeni kwenu. Chapati, sambusa, biriani na achari mtavikuta, ila pilipili ni nyingi. Semeni mapema ipunguzwe kwa ajili ya mgonjwa. Mohammed Ali Road na Bhendi Bazaar mna mikahawa ya Waislamu, na nje ya mitaa hiyo ulizeni kwanza juu ya halali. Waitapo “mutton” wao aghalabu hukusudia nyama ya mbuzi. Nyama ya ng'ombe imekatazwa na sheria ya jimbo la Maharashtra tangu 2015, na iuzwayo mahali pake ni ya nyati wa kufugwa. Chakula cha pakiti chenye alama ndogo ya kijani hakina nyama wala samaki, nacho ni msaada kwa anayekaa mbali na mitaa yetu.

Kibla kitawababaisha kwanza. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu. Kule Kibla ni magharibi, kwa kuinamia kaskazini kidogo. Waislamu wengi wa mji ule ni Mahanafi, na kwa hivyo adhana ya Alasiri huchelewa kuliko tuliyoizoea. Mwanamke aliye chumbani asiingoje adhana ile ndipo ajue kwamba wakati umeingia. Aiweke programu ya simu yake kwa hesabu ya Kishafii. Na msidhani kwamba hamna wenzenu. Waislamu wa Konkani, watu wa pwani ile ya magharibi, ni Mashafii kama sisi, nao wana historia kubwa na Jama Masjid ya karibu na Crawford Market.

Misikiti mingi ya Mumbai haina mahali pa wanawake. Dada zetu waliozoea kusali msikitini wasivunjike moyo. Waulize uko upi wenye nafasi hiyo, na wabebe msala na chupa ya kutawadhia popote waendapo, pamoja na hospitali.

Ama kupunguza sala, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, katika madhehebu yetu husali kamili. Anayengoja jambo ambalo wakati wowote laweza kumalizika akaondoka, kama vile ruhusa ya daktari, ana nafasi mpaka siku 18. Mgonjwa mwenyewe ana hukumu zake za kutayamamu, za kufuta juu ya bendeji, na za kusali kwa kukaa au kulala. Aende kwa mwalimu wake aulize kabla ya kuondoka, kwani swali hilo ni zito kulitafutia jawabu akiwa kitandani na mipira mkononi.

Juu ya stara, ombeni daktari mwanamke pale mnapoandikiana na hospitali, si siku ya kufika. Akikosekana mwenye ujuzi, dharura ina hukumu yake: ifunuliwe kadiri ya haja tu, na msindikizaji awepo chumbani. Muuguzi akiambiwa kwa adabu hufahamu.

PUMZIKO LA ANAYEUGUZA

Watu wengi hutaka kulifika kaburi la Haji Ali, lililo ndani ya bahari, na suala la ziara tumelizungumza mara nyingi katika kurasa hizi. Hapa twatoa nasaha ya mtu wa pwani kwa mtu wa pwani: njia ya kwendea hufunikwa na maji yanapojaa, na wakati wa bamvua zaidi. Ulizeni saa za maji kabla ya kuondoka.

Lakini lililo muhimu kwetu ni kwamba msindikizaji atoke kila siku, hata kama ni kwa nusu saa. Anayeuguza huchoka bila kujua, na uchovu wake humfikia mgonjwa. Baada ya sisi kupona tulipanga zamu: mmoja na mgonjwa, mmoja nje. Jioni moja mama watoto alitupeleka Marine Drive, yeye akiwa mbele, akamwambia dereva wa teksi njia, akalipa na akahesabu chenji yake. Tukakaa juu ya ukuta wa bahari. Kwetu jua huchomoza baharini. Kule huzama baharini, na upande ule ule lizamiapo ndiko Kibla kilipo, na ndiko nyumbani. Tulisali Magharibi chumbani tuliporudi, na dada yetu, kwa mara ya kwanza tangu tufike, aliomba chakula mwenyewe.

Ndugu zetu, na khasa mama zetu na dada zetu: mnapoandaliwa safari kama hii, msiridhike kuambiwa, “Wewe njoo tu, mimi najua.” Ulizeni kwa heshima: Tunafikia wapi? Hospitali ni ipi? Fedha ziko wapi, na sehemu yangu ni ipi? Nanyi akina baba, msiyaone maswali hayo kuwa ni ukosefu wa adabu. Ni amana ya mgonjwa inayotafuta mikono miwili badala ya mmoja.

Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu walio majumbani na walio ugenini, awarudishe wasafiri wetu salama, na awalipe kheri wote wanaochangia na wanaouguza. Na Allah amrehemu bibi yule wa Mohammed Ali Road, ambaye hatulijui jina lake, kwa mkono alioushika asubuhi ile.

Wabillahi tawfiq.